Kanisa Penye Daraja la Rusumo: Huduma kwa Maskini wa Ngara

Wilaya ya Ngara iko kwenye kona ya kaskazini magharibi ya Tanzania, mahali nchi yetu inapopakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na penye maporomoko hayo kuna daraja. Upande huu ni Tanzania, upande ule ni Rwanda. Wengi wetu tulilisikia jina la Ngara kwa mara ya kwanza mwaka 1994, redio zilipotangaza habari za wakimbizi. Lakini Kanisa lilikuwa limekaa pale miaka mingi kabla ya hapo, na lilikuwa limejifunza mambo ambayo sharika na parokia zetu zinayahitaji hata leo.

Mara nyingi tunaposimulia historia ya misheni tunahesabu maaskofu, majengo na miaka ya ubatizo. Hayo yana mahali pake. Hapa tutafuata njia nyingine. Tutauliza swali moja: maskini wa mpakani walitendewa nini na Kanisa, na wao wenyewe walitenda nini ndani ya Kanisa hilo?

Mpaka ulivyowakuta

Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Lugha zao zinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Zamani Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, na watu walivuka mito kwenda kuoa, kuchunga na kubadilishana vyakula. Wakati wa Wajerumani nchi zote tatu zilikuwa chini ya utawala mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana makoloni hayo. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Mtu aliamka akiwa na shangazi yake katika nchi nyingine.

Umaskini wa mahali hapa kwa sehemu unatokana na mpaka huo. Ngara iko mbali na bandari, mbali na reli, mbali na makao makuu ya kila serikali iliyoitawala. Ardhi ni ya vilima. Watu waliishi kwa ndizi, maharage, mtama na mifugo michache, na baadaye kahawa. Fedha ya kodi ilipotakiwa, vijana walikwenda kwa miguu hadi Uganda kufanya kibarua kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Nyumbani walibaki wanawake, wazee na watoto. Hao ndio walioikuta Injili ilipofika.

Waliotembea kwa miguu

Wamisionari wa Kikatoliki, hasa Mapadre Weupe, waliingia eneo hili la maziwa tangu wakati wa Wajerumani. Kwa upande wa Anglikana, mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na katika miaka ya 1930 kazi ya CMS ilifika Bugufi, ikaweka kituo Murgwanza. Pale pakakua kanisa, shule na hospitali, na tangu 1985 Murgwanza ni makao ya Dayosisi ya Kagera. Wakatoliki nao walijenga Rulenge, ambako pia palikuwa na shule na hospitali. Walutheri wa Ngara wako katika Dayosisi ya Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Lakini misheni haikuenezwa na vituo peke yake. Kituo kilikuwa kimoja, vilima vilikuwa vingi. Aliyekwenda kilimani alikuwa katekista au mwinjilisti, mtu mwenye elimu ya miaka michache, posho ndogo na shamba lake mwenyewe la kulima. Alifundisha kusoma chini ya mti, alizika wafu, aliwapeleka wagonjwa zahanati kwa machela. Majina ya wengi wao hayamo vitabuni. Wao walikuwa maskini wakiwahudumia maskini, na tusipowataja tutakuwa tumesimulia nusu tu ya historia.

Halafu ukaja Uamsho. Ulianzia sehemu kubwa huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, mahali pasipo mbali na mpaka wetu. Pale Dk. Joe Church alifanya kazi hospitalini pamoja na Waafrika kama Yosiya Kinuka. Rafiki yake Simeon Nsibambi wa Uganda, waliyekutana naye Namirembe mwaka 1929, alikuwa mmoja wa waliowasha moto ule. Katika miaka ya 1930 moto ulivuka mipaka: Rwanda, Uganda, Burundi, na upande wetu wa Bukoba, Katoke na Ngara. Walokole hawakuwa na pasipoti ya kiroho. Mrundi, Mnyarwanda, Mganda na Mhangaza waliitana ndugu na kulala nyumba moja.

Jambo moja katika Uamsho lazima tulikumbuke, maana tutalirudia. Walokole hawakuridhika na mtu kusema ametubu. Walimtaka aseme ametubu nini, mbele ya watu, kisha arudishe alichochukua. Watu walirudisha mbuzi, majembe na fedha walizoiba miaka iliyopita. Ndivyo alivyofanya Zakayo katika Luka 19: wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alianza kuhesabu madeni yake.

Askofu aliyehamia kijijini

Kuanzia mwaka 1969 hadi 1996 Jimbo Katoliki la Rulenge liliongozwa na Askofu Christopher Mwoleka, mzaliwa wa Karagwe. Alianza uaskofu muda mfupi baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilipowahimiza watu kuishi katika vijiji vya ujamaa. Viongozi wengi wa dini walitazama kwa mbali. Mwoleka alikwenda kuishi Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akalima pamoja na wanakijiji, akala walichokula.

Sababu yake haikuwa ya kisiasa tu. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tuumize vichwa kwa hesabu ya mmoja na watatu, bali ili tuige maisha yake: Baba, Mwana na Roho hawana kitu ambacho mmoja anakificha kwa mwingine. Basi Mkristo anayemwamini Mungu wa namna hiyo atawezaje kufunga ghala lake jirani akiwa na njaa? Kwa mkulima wa Ngara mafundisho hayo yalieleweka kuliko maelezo mengi ya vitabuni.

Tuseme ukweli wote. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi nchini walihamishwa vijijini kwa nguvu, na kilimo cha pamoja hakikuleta shibe iliyotarajiwa. Ujamaa kama mpango wa uchumi ulidhoofika. Waliomwona Mwoleka kuwa amejifunga mno na siasa ya wakati wake walikuwa na hoja. Lakini kitu kimoja hakikudhoofika. Katika miaka hiyohiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Rulenge ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo jambo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwa vitendo. Nyumba kumi au zaidi za majirani, zikisoma Neno pamoja, zikijua nani anaumwa na nani hana chumvi: huo ndio muundo uliobaki vijiji vya ujamaa vilipokwisha. Nao ndio uliokuwepo msiba mkubwa ulipofika.

Wageni wa kwanza

Wakimbizi hawakuanza mwaka 1994. Kuanzia 1959 Watutsi wa Rwanda waliokimbia mauaji walivuka Kagera. Katika miaka ya 1960 wengine walipewa ardhi Muyenzi, humo humo Ngara. Mwaka 1964 makanisa yakishirikiana na Shirikisho la Walutheri Duniani yalianzisha shirika la kuhudumia wakimbizi nchini, TCRS, ambalo kwa miaka mingi lilisimamia maji, kilimo, shule na zahanati katika makazi ya wakimbizi. Mwaka 1972 Warundi nao walikimbia mauaji ya kwao na kupokewa magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1980 serikali ilifungua mlango wa uraia kwa maelfu ya Wanyarwanda wa zamani.

Siasa ya nchi wakati huo ilikuwa ya kupokea, na Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili hiyo. Lakini serikali hutoa ardhi kwenye ramani. Anayegawana kisima ni mwenyeji. Wahangaza na Washubi walipata wageni wasiowaita na wakaishi nao. Kwao amri ya Walawi 19, ya kumtendea mgeni kama mzalia, ilikuwa jambo la kila asubuhi.

Aprili 1994

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi kwa malaki wakakimbia. Wengi walifika Ngara na wilaya za Kigoma. Siku za mwanzo, kabla misaada haijapangwa, vijiji ndivyo vilivyotoa viazi, ndizi na mahali pa kulala.

Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda. Katikati ya mwezi huo, Nyarubuye, kilomita chache tu kutoka mpaka wetu, maelfu waliokimbilia parokiani waliuawa humo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa burgomesta wa Rusumo, alitiwa hatiani kwa mauaji hayo na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Mto Kagera ulileta maiti, siku baada ya siku, hadi Ziwa Victoria. Watu waliokaa kando ya mto waliziona.

Halafu, tarehe 28 na 29 Aprili, jeshi la RPF likikaribia, umati ulivuka daraja la Rusumo. Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 250,000 kwa muda wa saa 24. Safari hii wengi walikuwa Wahutu. Katika muda mfupi Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani, na wilayani Ngara wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Hapa ndipo imani ya Kanisa la mpakani ilipojaribiwa. Miongoni mwa waliovuka walikuwemo mama na watoto wasio na hatia, na walikuwemo wauaji. Wote walikuwa na njaa. Viongozi walewale waliopanga mauaji vijijini waliingia kambini na watu wao na kuendelea kuwaongoza. Chakula kiligawiwa kwa kufuata mitaa ile ile ya Rwanda, hivyo kikapitia mikononi mwao. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa Benaco Jean-Baptiste Gatete, burgomesta wa zamani wa Murambi, umati ulifanya ghasia. Miaka baadaye naye alitiwa hatiani Arusha. Madaktari Wasio na Mipaka tawi la Ufaransa waliamua kuondoka katika kambi hizo, wakisema misaada inawalisha wauaji.

Mashirika ya makanisa, miongoni mwao TCRS, Caritas na huduma ya Wajesuiti kwa wakimbizi, yalibaki. Je, yalifanya vema? Swali hili si jepesi, na waliotoa majibu tofauti wote walikuwa watu wa dhamiri. Aliyeondoka aliona kwamba unga unaopita mkononi mwa muuaji unampa nguvu juu ya wanyonge. Aliyebaki aliona kwamba akiondoka, muuaji hatakufa njaa. Atakayekufa ni mtoto wa mjane, kwa kuwa mwenye silaha hula kwanza.

Sisi tunaona mwanga fulani katika yale Walokole waliyofundisha kwenye vilima hivyohivyo miaka 60 kabla. Mkate haudai maungamo. Paulo katika Warumi 12 anaagiza hata adui alishwe akiwa na njaa, wala haongezi kwamba kwanza ajieleze. Lakini ushirika unadai ukweli. Kumpa mtu unga si sawa na kumwambia amani ikiwa mikono yake haijanawa. Kanisa lilikuwa na wajibu wa kwanza bila masharti. La pili halikuwa na haki ya kulitoa kwa bei rahisi. Palipokuwa na ibada kambini zenye nyimbo nyingi bila mtu kutaja kilichotendeka ng'ambo ya mto, maskini wa kweli, yaani wafu wa Nyarubuye na mayatima wao, walisahauliwa.

Wala tusikwepe jambo lililo chungu zaidi. Gahini iko katika nchi ile ile. Waliouana walikuwa wamebatizwa. Walikuwepo Wakristo waliokufa wakikataa kutenganishwa na ndugu zao, na Mungu anawajua. Lakini wengi hawakukataa. Kabila lilikuwa limesomewa watu kwenye vitambulisho tangu wakati wa Wabelgiji, na mahali pengi Kanisa lilikuwa limenyamaza au kukubali. Kwa hiyo hatuwezi kupima misheni kwa idadi ya waliobatizwa.

Waliosahauliwa nyuma ya kambi

Kulikuwa na maskini wengine: wenyeji. Miti ya maili nyingi ilikatwa kwa kuni. Mashamba yalivunwa usiku. Visima vilikauka, hospitali zilijaa, barabara zilibomoka kwa malori. Kambini kulikuwa na mahindi, maharage na mafuta ya kula ya msaada. Nje ya uzio mzee wa Kihangaza alitazama.

Faida pia zilikuwepo. Wenye nguvu na ardhi walipata vibarua na soko la ndizi, vijana waliosoma walipata kazi kwenye mashirika. Ila faida haikugawanyika sawasawa. Mjane asiye na mtu wa kumlimia hakuuza kitu, bali aliibiwa. Mashirika makubwa yalikuwa na orodha ya wakimbizi; orodha ya wajane wa kijijini ilikuwa kichwani mwa viongozi wa jumuiya na wazee wa kanisa. Pale ndipo jumuiya ndogo ilipofanya kazi ambayo ofisi haikuweza kuifanya.

Mwaka 1995 huduma ya Wajesuiti kwa wakimbizi ilianzisha Ngara kituo cha Radio Kwizera. Jina hilo linaeleweka pande zote za mto: ni neno la imani na tumaini. Baada ya redio ya chuki iliyosaidia kuwasha moto Rwanda, kilikuwa kitendo cha maana kuweka hewani sauti ya kuwatafutia watu ndugu zao waliopotea na kuwasemesha wenyeji na wageni pamoja. Redio hiyo iliendelea kuwahudumia watu wa mpakani hata wakimbizi walipoondoka.

Uvumilivu wa nchi ulikuwa umefika ukingoni. Machi 1995 serikali ilifunga mpaka. Desemba 1996 Wanyarwanda waliambiwa warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Wanajeshi wakawageuza kuelekea Rusumo. Karibu watu nusu milioni walivuka tena daraja lile, mizigo kichwani. Warundi walibaki Lukole hadi 2008, kambi hiyo ilipofungwa.

Mjane wa Sarepta

Tunaposoma 1 Wafalme 17 tunazoea kumtazama Eliya. Lakini Sarepta ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Sidoni, na Eliya alikuwa mkimbizi. Mungu hakumpeleka kwa tajiri. Alimpeleka kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni za kupikia chakula cha mwisho. Yesu mwenyewe alimtaja mjane huyo katika Luka 4, na watu wa Nazareti wakakasirika.

Historia ya Ngara inafanana naye. Tulizoea kudhani kwamba misheni ni mwenye kitu kwenda kwa asiye na kitu. Pale mpakani mara nyingi asiye na kitu ndiye aliyepokea. Mwinjilisti mwenye jembe, mlokole aliyemlaza mgeni wa kabila lingine, askofu aliyelima Nyabihanga, mama aliyetoa viazi kabla lori halijafika: hao ndio mikono ya Kanisa. Fedha na wataalamu kutoka mbali waliongeza nguvu, na tunawashukuru, lakini walikuta kazi imekwisha kuanza.

Leo penye Rusumo kuna daraja jipya, kituo cha pamoja cha forodha, na mtambo wa umeme wa maji unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Malori hupita mchana kutwa. Mipaka ya namna hiyo tunayo sote, hata tunaoishi mbali na mto: kati ya wapangaji na wenye nyumba, kati ya waliohamia na wazaliwa, kati ya koo zisizosalimiana. Jumuiya yetu ikikutana wiki hii, kabla ya sala ya mwisho, tuulizane mambo mawili ambayo Ngara ilifundishwa kwa machozi. Ni nani jirani yetu amelala njaa, na je, tumempelekea chakula bila kumhoji? Na kuna dhuluma gani miongoni mwetu ambayo tumeiimbia nyimbo badala ya kuitaja na kuirudishia haki? Tukijibu la kwanza jioni hiyohiyo, na la pili bila kuogopa, tutakuwa tumeungana na watu wa darajani.